Unasomea mtihani gani?

Kikundi chetu cha kusoma hapa Leeds kimejiwekea shindano la mwaka: kila mwezi kanda moja ya dunia, kitabu kimoja, halafu tunakutana maktaba ya mtaa kukijadili. Zamu ya Afrika Mashariki ilipofika, kabla sijafungua mdomo, mapendekezo yakaingia kwenye simu. Juu kabisa kakaa Karen Blixen na Out of Africa yake ya mwaka 1937. Yaani kanda yetu nzima, na wa kwanza kukumbukwa ni mama wa Kidenmaki na shamba lake la kahawa pale Ngong! Nikaandika, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, kwamba ingekuwa vizuri tuwasikie wenye nyumba kabla ya mgeni. Wakanijibu: sawa, basi chagua wewe. Waingereza bwana, ukilalamika tu umeshapewa kazi.

Na kazi yenyewe si ndogo. Mwandishi awe wa huko, kitabu kipatikane kwa Kiingereza, na kisiwe kinene, maana watu wana ajira na wajukuu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, walishamsoma tangu alipopewa Nobel mwaka 2021, na nusu yao wanamhesabu kuwa mtu wao wa Canterbury. Ngũgĩ naye hahitaji kutambulishwa na mimi. Nilitaka kitabu tulichoandikiwa sisi, kwa Kiswahili, bila kumfafanulia mgeni ugali ni nini. Katalogi ya maktaba ikanikatisha tamaa. Shaaban Robert, hamna. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, hamna. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, hamna. Nikaangukia Rosa Mistika ya Kezilahabi, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza imetoka mwaka 2025. Riwaya ya mwaka 1971! Miaka 54 binti wa Ukerewe anangojea viza.

Ila maktaba ikaagiza nakala, na siku ya mjadala niliona kitu ambacho kwetu sijawahi kukiona. Watu wazima watupu, hakuna mwenye kalamu. Dereva wa basi mstaafu ndiye aliyeanza. Akasema huyu Zakaria, baba yake Rosa, anamkumbusha babu yake yeye dereva: mchimba makaa, mshahara wote unaishia baa, lakini mabinti wakichelewa kurudi nyumbani anavua mkanda. Mama wa pembeni yake akamkatiza kwamba asimbebeshe baba kila kitu, Rosa alikuwa na akili zake. Mwingine akapandwa na hasira kwa niaba ya Rosa. Wakabishana mpaka mkutubi akaanza kuzima taa upande mmoja ili tuelewe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza dhamira kuu ni ipi.

Sisi tungeuliza. Mimi mwenyewe bado nikifungua riwaya ya Kiswahili kichwa kinaanza kupanga: fani, maudhui, muundo, mtindo, wahusika. "Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili..." Na mara nyingi hata hizo mbili hatukuzisoma. Tulisoma uchambuzi, kile kitini kilichotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, siku hizi kinazunguka kwenye simu kama faili. Wakenya nao wasicheke, wana miongozo yao. Mtu anapata alama nzuri za fasihi na hajui kitabu kinaanza na sentensi gani.

Ukimaliza Kidato cha Sita, umemalizana na vitabu. Nikiwa likizo Dar nilikaa na riwaya kwenye kituo cha daladala, kijana akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, unasomea mtihani gani?" Nikamwambia sina mtihani. Akanitazama kwa huruma. Nenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, utakuta viti vimejaa, na karibu kila mtu kaja na madaftari yake. Wamefuata meza. Vitabu vya watu viko rafuni vinawatazama.

Najua kinachofuata, maana nilipoligusia hili kwenye grupu letu la wasap la shule nilioga. "Umeshakuwa Mzungu." "Sisi tunatafuta hela ya kula, wewe unatuletea riwaya." Jamani, sijasema Wazungu wana akili kutuzidi. Huku wamejaa watu ambao hawajagusa kitabu tangu shule, na maktaba zenyewe wanazifunga, mamia zimekwenda tangu mwaka 2010 kwa sababu ya bajeti. Na suala la hela nalijua, nimepanda daladala na nimehesabu nauli. Lakini wewe uliyeniandikia hivyo, ndugu yangu, ulikuwa umeweka picha ya nyama choma na bia asubuhi ile ile. Usinihubirie umaskini.

Tena tuna cha kujivunia, ndiyo maana ninaumia. Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa mashuleni, na shangazi yangu aliisoma kwa tochi, chini ya shuka. Baadaye ikaruhusiwa, ikawa kitabu cha shule, wanawe wakakariri uchambuzi wake. Gurnah alipopata Nobel tulibishana uraia wake kama wanasheria. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake, ikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nikawauliza wale wabishi wa uraia nani ameinunua. Kimya. Mmoja akauliza kama kuna pidiefu.

Kwa hiyo wewe unayekusanya maneno ya kunishushia hapo chini, karibu, nimezoea. Ila anza kwa kuniambia kitabu cha mwisho ulichosoma bila mtihani mbele yako ni kipi. Biblia na Kurani hazihesabiki. Uchambuzi ndiyo kabisa.