Bwawa la Portales na lambo letu

Wageni wangu kutoka nyumbani Tanzania wakifika huku Marekani huuliza kwanza habari za Grand Canyon na Las Vegas. Mimi huanza kuwapeleka Oasis. Ni hifadhi ndogo ya jimbo la New Mexico, kaskazini ya mji wa Portales, ekari zisizofika 200. Ndani yake hakuna mlima, hakuna maporomoko, hakuna mnyama wa kufungiwa safari. Kuna vilima vya mchanga, miti mirefu ya kivuli, meza za kulia chakula, mahali pa kupiga hema, na bwawa la kuvulia samaki ambalo hata mtoto analizunguka kwa miguu bila kuchoka. Basi. Na nasema kwa moyo wote kwamba katika yote niliyoyaona tangu nihamie Marekani, hicho ndicho kitu ambacho ningependa zaidi tukiige.

Mimi ni mtu wa Dodoma, nimezaliwa kwenye ukame na nimekulia kwenye ukame. Mvua ya kwetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na sehemu hii ya mashariki ya New Mexico inapata hata pungufu ya hapo. Masika ya huku hayaleti mvua, yanaleta upepo: Machi na Aprili vumbi linasimama mpaka mchana unakuwa wa rangi ya udongo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba wenzetu wamebarikiwa maji na sisi tumenyimwa. Hata ile miti haikujiotea. Ilipandwa na mlowezi mmoja mwanzoni mwa karne ya 20, akaitunza mpaka ikashika, na leo watu wanapumzika chini ya kivuli ambacho yeye hakukifaidi sana.

Nilipofika mara ya kwanza sikumkuta mtu getini. Kulikuwa na kisanduku cha bahasha na bomba nene la chuma lililochomekwa ardhini, lenye upenyo mwembamba kwa juu. Unachukua bahasha, unaandika namba ya gari na tarehe, unatia ada, wakati ule dola 5, unachana kipande cha karatasi unakiweka kwenye dashibodi, bahasha unaitumbukiza kwenye bomba. Nilisimama pale nikiangalia kama kuna mtu ananiangalia. Hakuna. Gari lililonifuata likafanya hivyohivyo, na la nyuma yake. Dola 5 zilikuwa za gari zima, hata kama limejaa wajukuu na majirani. Siwezi kusema kila mtu huku ni mwaminifu, kwa sababu si kweli. Lakini naona kwamba mahali panapotunzwa, choo kisafi, meza nzima, taka zimezolewa, hapamfanyi mtu atafute njia ya kukwepa kulipa.

Samaki wenyewe hawakuzaliwa pale. Huletwa na magari ya matangi kutoka vituo vya serikali ya jimbo vya kuzalishia samaki. Majira ya baridi huletwa trauti, kwa sababu trauti anataka maji baridi, na kiangazi cha huku kwenye bwawa lenye kina kifupi kingemuua. Joto likipanda huletwa kambale wa kwao, mwenye mkia uliogawanyika, asiye na ustadi wa kambale wetu wa Bahi wa kuvuta hewa na kustahimili kwenye tope bwawa likikauka. Gharama za yote hayo hubebwa kwa sehemu kubwa na wavuvi wenyewe. Mtu wa miaka 12 na zaidi lazima awe na leseni. Tena iko sheria ya shirikisho ya mwaka 1950 inayotoza kodi ya 10% kwenye vifaa vingi vya uvuvi wa ndoano, na fedha hiyo hairuhusiwi kupotelea kwenye mfuko mkuu: inarudishwa majimboni kwa ajili ya samaki na maji yao. Mzee anayenunua ndoano dukani ameshachangia samaki wa mjukuu wake kabla hajafika bwawani.

Sasa tuje kwa watu. Jumamosi ya baridi kidogo, jua likiwa limetoka, utawakuta wamejipanga ukingoni kwenye viti vya kukunja: wastaafu, askari wa kambi ya jeshi la anga iliyo karibu na mji wa Clovis, wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe wa maziwa wanaotoka zamu ya usiku, familia zenye asili ya Meksiko zilizokuja na majiko ya mkaa. Wengi wao si matajiri. Nimemtazama babu mmoja akimfundisha binti mdogo kufunga ndoano: anapitisha uzi kwenye tundu, anauzungusha mara kadhaa, anaurudisha kwenye kitanzi, analowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza ili uzi usiungue kwa msuguano. Binti akakosea, babu akafumua, wakaanza upya. Hakuna aliyewahimiza waondoke, hakuna aliyewauliza wamenunua nini. Raia wa kawaida ana mahali pa kukaa na mjukuu wake siku nzima, pazuri, salama, na pake.

Nyumbani tunazo hifadhi ambazo dunia nzima inazionea wivu. Lakini mwulize mtoto wa Kongwa au Chamwino kama amewahi kuiona Serengeti. Kiingilio cha raia si kikubwa, kinachomshinda ni gari, nauli na mahali pa kulala. Tumehifadhi makubwa, tukasahau madogo. Dodoma mjini ipo Nyerere Square, ipo bustani ya Chinangali, na ninafurahi kila nikirudi nikiona vijana wamejaa pale jioni. Ukitoka nje ya mji, kivuli cha umma ni kile cha mti ulioponea shoka. Na maeneo ya wazi yaliyochorwa kwenye ramani za mipango miji, hasa Dar es Salaam, sote tunajua yalivyomegwa: leo kibanda, kesho ukuta, keshokutwa ghorofa.

Wala sikubali kwamba hili ni jambo la wazungu. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea msitu wa Karura pale Nairobi usigawiwe watu wajenge. Leo watu wa Nairobi wanatembea ndani ya msitu huo, wanaendesha baiskeli, wanapeleka watoto. Uliokolewa na Waafrika kwa ajili ya Waafrika, kwa gharama ya damu. Tunaweza, tukiamua kwamba kitu ni cha thamani.

Hata hivyo kuna mambo ambayo Oasis haitanipa kamwe. Mtu anaweza kukaa hatua tano kutoka kwako tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mkaishia kupungiana mkono. Kwetu huwezi kufika penye maji ukanyamaza. Unafika na "mbukwenyi" yako, unaulizwa wa nyumbani wameamkaje, ng'ombe je, mvua kwenu imenyesha, na kabla hujashusha mzigo umeshapata habari za kijiji kizima. Hizo salamu ninazikosa kuliko ninavyokosa chakula. Na huku wengi wanamvua samaki, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Siwalaumu, ni mchezo wao na wana heshima nao. Ila mimi niliyeona mama wa Bahi akibanika kambale wa mwaka wa mvua nzuri ili alipe ada ya shule, moyo wangu hauwezi kumwona samaki kuwa mchezo. Huwa naondoka na wangu, ndani ya idadi inayoruhusiwa, na nyumbani tunawakaanga.

Mama yangu alipokuja kututembelea nilimpeleka. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja, hata wasiomwelewa wakasimama kumpokea. Familia moja ya Kimeksiko ikamkaribisha mezani, ikampa chapati za mahindi na nyama ya kuchoma, na wakakaa kwa muda mrefu bila lugha ya pamoja. Kisha akalitazama bwawa vizuri, akaniuliza, "Ng'ombe wananywea wapi?"

"Hapa hawanywi, mama. Haya ni ya samaki na watu kupumzika."

"Maji yote haya?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naliona swali lake kuwa ndilo lenye uzito kuliko sifa zote nilizoziandika hapo juu. Kwetu lambo ni kunywa, kufua, kunywesha mifugo na kumwagilia bustani. Ukisema lifungwe ili watu wakae kwenye viti, utakuwa unamnyang'anya mfugaji. Na huku wenyewe wanalo deni la maji. Chini ya nyanda hizi kuna hazina ya maji ya ardhini iitwayo Ogallala, iliyotandaa chini ya majimbo manane, na kwa miaka mingi wamevuta kwa ajili ya mahindi, karanga na mashamba ya ng'ombe wa maziwa kuliko mvua inavyorudisha. Visima vinashuka. Nchi inayojua kutunza bwawa dogo kwa upendo mkubwa namna ile inashindwa kutunza maji yasiyoonekana, na nadhani sababu ni hiyohiyo: yale ya chini hakuna anayekaa ukingoni mwake.

Karibu na hifadhi kuna mahali panaitwa Blackwater Draw. Mwaka 1929 kijana wa eneo hili aliona mifupa mikubwa na mawe yaliyochongwa, na uchimbaji uliofuata ukafukua ncha za mikuki pamoja na mifupa ya mamothi, wale jamaa wa kale wa tembo. Ni mambo ya miaka kama 13,000 iliyopita. Wakati ule palikuwa na maji, wanyama wakija kunywa, na wawindaji wakiwasubiri. Nilipokwenda pale niliwaza michoro ya miambani ya Kondoa. Tangu kale watu wa nchi kavu hukusanyika penye maji kwa shida na kwa furaha pia, na sisi tumeibakiza shida peke yake.

Kwa hiyo ninachokitaka ni lambo la kwetu lenye nafasi ya yote mawili, wala si nakala ya Oasis. Mafundi wa maji wamekuwa wakilisema siku zote: ng'ombe asiingie majini. Zungusha uzio, toa bomba chini ya tuta, jenga mbauti (hori la maji) upande wa bondeni, mifugo inywe pale. Ng'ombe wakikanyaga kingo, udongo unaporomoka, na lambo linajaa tope. Bwawa la Hombolo, kwetu Dodoma, limeteseka kwa tope linaloletwa na mashamba na malisho ya juu yake, na hilo ni bwawa kubwa, sembuse lambo la kijiji. Uzio ukishakuwepo, ukingo unaota majani. Majani yakiota, unapanda mikwaju na mikuyu. Miti ikikua, unaweka mabenchi ya saruji. Perege tunajua kuwafuga, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeshaweka nafasi ya wananchi kusimamia uvuvi wao kwa vikundi. Anayetaka kuvua Jumapili na wanawe alipe kidogo, fedha ikarabati uzio na imlipe mlinzi. Isiende kokote kwingine, na hesabu zake zisomwe mbele ya watu.

Sisi wa Dodoma tulioko huku tunachangishana vizuri kwa misiba na harusi. Naomba tuchange kwa hili pia, kwa lambo moja kwanza. Nimeshamwandikia mwenyekiti wa kijiji chetu kuomba nafasi kwenye mkutano mkuu nitakapokwenda Desemba, mvua zikianza, kwa sababu mche ukipandwa baada ya hapo unakufa. Najua wafugaji watauliza alichouliza mama. Wakiukataa uzio, basi tuanze na mbauti peke yake, kwa sababu hiyo itawafaa wao kabla ya mtu mwingine yeyote.