Niiteni mfadhili

Jamani kuanzia leo msiniite tena fundi geti, niiteni mfadhili. Sitanii, meseji ninayo. Juzi nimenunua umeme wa luku wa 5,000 nikapata uniti 14, nikasema hebu leo niisome mpaka chini maana siku zote naishiaga kwenye zile namba 20 tu, nikakuta VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1, halafu kamekaa pale REA asilimia 3, shilingi 122 na senti 95. Hiyo ni ya umeme vijijini. Yaani mimi hapa Kwa Mrombo, Arusha, ndala moja ya bluu nyingine ya kijani, kuna kijiji nakipelekea nguzo! Kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye luku, jengo la mwenye nyumba, mimi mpangaji, ila hilo tuliache nitalia.

Basi mfadhili nimeingiza namba zangu, nimewasha mashine ya kuchomelea, fimbo ya kwanza haijafika nusu, puu, umekatika. Na upepo ndo unaanza. Huu wa kwetu mnaujua, unakuletea vumbi mpaka ndani ya ugali, umening'olea turubai langu la kivuli likaenda kutua kwa muuza chipsi, sasa nadaiwa trei ya mayai. Mteja kasimama pembeni kakunja mikono, mi nimekalia geti lake, nawaza, hivi upepo wote huu unapita bure? Habari za umeme wa upepo Singida nimeanza kuzisikia mwanangu hajazaliwa, saa hizi anadai kiatu cha fom wani. Tulichonacho ni kule Mwenga, Mufindi, mapangaboi matatu, megawati 2.4. Wenzetu Wakenya kule Turkana wamesimamisha 365, megawati 310, japo nao walituchekesha, mapangaboi tayari 2017, laini ya kuusafirisha umeme ikaja 2018, muda wote huo yanawapepea ngamia.

Sisi tuna bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, hapo sina neno, heshima. Ila Rufiji mpaka Arusha ni safari bwana, umeme mwingine unapotelea njiani kama mchango wa harusi, ndo maana 2025 serikali ikasema kanda yetu ya kaskazini ununuliwe wa Ethiopia upitie Kenya. Kwa hiyo upepo wa hapa hapa kazi yake kuezua mabati, umeme upandishwe basi kutoka Ethiopia.

Mara simu, baba mkwe, Longido.

"Mwanangu mbona nasikia upepo tu?"

"Shikamoo baba. Umeme umekatika, nimekaa nje."

"Marahaba, pole sana. Huku upo tangu asubuhi, mama yako kanunua friji."

Nguzo zilipofika kwake alilipa 27,000 akaunganishwa, bei ya kijijini, mjini ni 320,960. Na hizo nguzo nani kachangia? Ng'ombe wote mzee alishapokea, kumbe mahari bado naendelea kulipa kwa luku, shilingi 122 na senti 95 kila nikinunua! Ila mkwe humwambii hivyo, nikamwambia tu baba simu inaisha chaji itazima.

"Si uje uchajie huku? Watu tunawatoza mia tano, ila wewe mtoto wa nyumbani, utaleta mia tatu."