Ngazi za maji za Béziers na ziwa letu Kivu

Nimeishi kusini mwa Ufaransa miaka kumi na miwili, na hakuna mgeni kutoka Bukavu ambaye sijamchosha kwa sifa za ziwa Kivu. Rafiki yangu wa utotoni kutoka Kadutu, mtaa wa Bukavu, alipokuja na mkewe, tulikodi boti ndogo kwenye Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 unaotoka Toulouse kuelekea Bahari ya Mediterania, tukashuka ngazi za maji za Fonserannes, mjini Béziers.

Boti hairuhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa. Rafiki yangu, aliyezoea boti za kasi za Bukavu na Goma, alicheka sana mwendesha baiskeli mzee alipotupita ukingoni. Kicheko kilikwisha tulipofika kwenye ngazi hizo za ekluzi, yaani vyumba vinane vya mawe vilivyofuatana, vilivyojengwa kuteremsha chombo zaidi ya mita 21. Unaingia, lango linafungwa nyuma yako, maji yanaachiliwa kwenda chumba cha chini, na boti inashuka nayo hadi yalingane, ndipo lango la mbele linafunguliwa. Kamba huzungushwa tu kwenye nguzo na kulegezwa kadiri maji yanavyopungua. Mwenzangu aliipiga fundo, kama afungavyo mtumbwi. Boti ikaning'inia upande mmoja, shemeji akapiga yowe. Mlinzi wa malango alisimamisha maji papo hapo, akatukaripia bila kupandisha sauti, na akakataa kuendelea mpaka sote tuketi.

Mfereji huu ulifunguliwa mwaka 1681, miezi michache baada ya kifo cha Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi aliyeutilia mali yake. Jioni tulipiga hesabu ya mzaha: mto Ruzizi huteremka karibu mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika, hivyo tungehitaji zaidi ya Fonserannes thelathini. Shemeji alisema afadhali maji hayo yaendelee kuzungusha mitambo ya umeme, hata kama umeme wenyewe haumfikii kila siku.

Mimi siutamani mfereji wao. Mbele ya Kivu ni mtaro tu. Ninachokionea wivu ni yule mlinzi, mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana, na watu wakatii. Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova, ikiwa imebeba abiria kupita uwezo wake, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Wasafiri hao hawakuwa wajinga, kwani barabara ilikuwa imekatwa na vita. Aliyekosekana ni wa kumzuia nahodha kung'oa nanga.

Siku ya kuondoka niliwanunulia jaketi mbili za kuokoa maisha. Rafiki yangu alidai kwamba mizigo imejaa. Shemeji alitoa viatu vyake vipya kwenye sanduku, akazipanga jaketi mahali pake.