Wavulana wanaovaa kike katika dojinshi: Bridget ametuachia swali gani?

Mwaka 2002 gemu ya mapigano ya Guilty Gear X2 ilimleta Bridget, pacha wa kiume aliyelelewa kama msichana kwa sababu kijijini kwao mapacha wa kiume waliaminika kuleta nuksi. Kwa miaka 20 mashabiki walimchora kama kielelezo cha otokonoko, mvulana anayependeza kwa mavazi ya kike. Kisha mwaka 2022, katika Guilty Gear Strive, akatamka kwamba yeye ni msichana. Wengi walishangilia. Wengine walilalamika kwamba wamepokonywa mvulana wao.

Lalamiko hilo lina hoja. Otokonoko humruhusu mvulana kupenda marinda na utepe bila kuacha kuwa mvulana, na nafasi hiyo ni adimu. Hata hivyo, upande wa pili ndio wenye uzito zaidi. Mara nyingi mno mhusika wa aina hii ametumiwa kama mtego: msomaji avutiwe, siri ifichuke, watu wacheke, basi. Wala si lazima iwe hivyo. Stop!! Hibari-kun!, manga (katuni ya Kijapani) iliyoanza mwaka 1981 kuhusu Hibari, mvulana anayevaa kike, ni kichekesho, lakini anayehangaika ni baba yake jambazi. Hibari mwenyewe hana aibu yoyote.

Katika dojinshi, vitabu ambavyo mashabiki huchapisha wenyewe na kuviuza kwenye maonyesho kama Comiket ya Tokyo, tatizo huanzia kwenye kurasa. Kitabu cha kushonwa kwa pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Ukichagua 24 na kufichua siri ukurasa wa 20, zimebaki nne tu za kueleza mhusika anataka nini. Fichua mapema, ukurasa wa 4, mara msomaji anapofunua karatasi.

Mchoro nao husaliti. Ukosi mrefu huficha kikoromeo, mikono yenye marinda huficha upana wa mabega, sketi pana huongeza nyonga. Ukivitumia vyote kwa pamoja na uso uleule unaowachorea wasichana, uvulana wake unabaki kwenye maneno tu. Acha kiganja au bega lionekane.

Anayetaka kumchora Bridget wa 2002 bado anaweza. Aandike tu jaladani ni wa gemu ipi, maana mnunuzi hupekua nakala ya mfano mezani kwa sekunde chache, na anayemtafuta Bridget wa Strive anastahili kujua kabla hajalipa.