Laki nane za upweke, eti

Juzi shemeji yangu wa Dar alibandika picha yangu kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nimevaa miwani ya VR, ile inayokufunika macho na kukuingiza kwenye dunia ya gemu, mdomo wazi, mikono hewani, shati limelowa. Chini yake akaandika: "Laki nane, na alichonunua ni upweke." Kundi zima likacheka. Mama mkubwa, ambaye kwa kawaida hutuma salamu za Ijumaa tu, naye akacheka. Nikajibu kistaarabu kwa sababu shemeji ni shemeji, na kwa sababu yeye ndiye aliyeizungukia Kariakoo hiyo miwani (mtumba, ila safi) akanitumia kwa basi. Lakini kauli yenyewe imenikera, na jibu lake halienei kwenye kundi. Nalimwaga hapa.

Upweke? Chikongola, hapa Mtwara? Huyu bwana amesahau mke alimtoa nyumba gani.

Tuanze na sebule. Ukiiwasha miwani mara ya kwanza, inakuonyesha chumba chako kwa rangi ya kijivu kupitia kamera zake za mbele, kisha inakutaka uchore mpaka sakafuni kwa rimoti, ukizungushia eneo utakalochezea. Inapendekeza mita mbili kwa mbili, na ndani yake kusiwe na kitu. Nani hapa mjini ana mita mbili kwa mbili za sebule zisizo na kitu? Yetu ina makochi ya mninga ambayo hayapiti mlangoni mpaka yalazwe ubavu, meza ya kioo, friji (jikoni hakuna soketi), deli la mdogo wangu la kuuzia juisi, na gunia la korosho ambalo kila mtu anasema si lake.

Tukaanza kubeba vitu kupeleka barazani. Hatujamaliza kutoa kochi la pili, jirani kaingia mbio, kanga moja kichwani na nyingine mkononi, anauliza nani katutoka. Ana haki. Kwetu makochi yakitolewa nje mchana, ni msiba. Tulipomweleza kuwa ni gemu tu, hakuondoka. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, asubiri aone ni gemu gani hilo linalohamisha nyumba. Nyuma yake wakaja watoto, na nyuma ya watoto wakaja waliotumwa kuwaita watoto. Huo ndio upweke wangu ulivyoanza.

Maajabu yenyewe sitayaeleza sana, maana YouTube imejaa watu wanaoyaeleza huku wanapiga mayowe. Nitasema tu kwamba nyangumi akikupita utosini, kichwa kinajua kabisa kuwa ni vioo na plastiki, ila magoti hayana habari hiyo. Picha ni nzuri. Betri inaisha ndani ya saa mbili na kitu. Miwani ina uzito wa karibu nusu kilo, na shingo inakukumbusha kesho yake asubuhi.

Kichefuchefu nacho ni cha kweli. Mjomba wangu ni mvuvi wa Mikindani, amelala baharini kusi na kaskazi, na sijawahi kusikia kuwa chombo kimemtapisha. Tulimwekea treni ile ya kuporomoka bondeni, ameketi vizuri kwenye kochi, na kabla treni haijafika chini akaomba ndoo. Nikajitia mwalimu: Mjomba, baharini macho yanaona mawimbi, na kile kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio kinayahisi mawimbi hayo hayo, vinakubaliana. Hapa macho yanasema tunaporomoka, sikio linasema tumekaa sebuleni, ubongo haujui umsadiki nani. Mjomba hakutaka elimu. Alisema kitu hicho kina jini, akanywa maji ya ndimu, akaenda zake. Baada ya magharibi alirudi, akavuta stuli, akakaa kuangalia wengine wakiomba ndoo.

Kwenye ile picha ya shemeji, Mjomba hayumo. Jirani hayumo. Mpiga picha mwenyewe, ambaye ni dada yangu na alikuwa anacheka hadi simu ikatikisika, hayumo. Ukikata picha namna hiyo, hata bwana harusi utamwona mpweke.

Lakini nikimwacha shemeji, kuna watu wengine nina ugomvi nao mkubwa zaidi: waliobuni vitu hivi. Angalia matangazo yao. Kijana mmoja, sebule nyeupe, sofa moja ya kijivu iliyosukumwa pembeni, dirisha kubwa, hakuna hata ndala mlangoni. Hakuna mama anayepita na beseni. Tangu mwaka 1968, Ivan Sutherland na wanafunzi wake kule Marekani walipounda miwani yao iliyoshikizwa kwa chuma kutoka darini, hadi mwaka 2014 Facebook ilipotangaza kuinunua Oculus, kampuni ya kutengeneza miwani hii, kwa dola bilioni 2 hivi, ndoto haijabadilika sana: kichwa kimoja na dunia yake. Mwaka 2021 Facebook ikajiita Meta, na mwaka 2022 peke yake kitengo chake cha mambo haya kikala hasara ya zaidi ya dola bilioni 13. Dola bilioni 13! Kwa hela hiyo hapakupatikana mtu wa kuuliza, "Jamani, na shangazi aliyekaa pembeni ataona nini?"

Najua, najua, picha inaweza kurushwa kwenye TV. Tumeirusha. Inafika imechelewa, inakwama, na inaruka kila anayevaa akigeuza shingo, hivyo watazamaji nao wanaumwa kichwa bila hata ya kuvaa. Ni wazi kuwa mtazamaji aliongezwa mwishoni, kazi ikiwa imeshakwisha.

Halafu tukapata gemu la bomu.

Linaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, limetoka mwaka 2015, kwa hesabu za vijana ni la kizee. Aliyevaa miwani analiona bomu lakini hajui namna ya kulitegua. Waliobaki wana kitabu cha maelekezo, cha karatasi kabisa, lakini hawalioni bomu. Basi. Kilichobaki ni mdomo. Kitabu kinapatikana bure mtandaoni, kurasa zaidi ya 20. Nilikiprinti steshenari moja karibu na stendi, na yule kijana wa pale, karatasi zikiwa zinatoka na michoro yake ya nyaya, alinipa jicho moja ambalo nadhani bado ananipa kila nikipita.

Sasa njoo sebuleni kwetu. Mdogo wangu kavaa miwani, kapiga magoti katikati ya chumba, jasho linamtiririka kidevuni. Saa ya bomu inarudi nyuma.

"Nyaya nne! Nyekundu, bluu, nyekundu, njano!"

Dada ana kitabu. Anasoma Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti: kama nyaya nyekundu ni zaidi ya moja, na tarakimu ya mwisho ya namba ya bomu ni witiri, kata nyekundu ya mwisho.

"Namba inaishia na ngapi?"

"Namba iko wapi?"

"Ubavuni! Ligeuze!"

"Saba!"

"Saba ni witiri au shufwa?" anauliza mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, simtaji. Anayejibu ni Mjomba, aliyeiacha shule darasa la nne akafuata dau: "Witiri! Kata, mtoto!"

Akakata nyekundu ya kwanza.

Ukikosea, bomu hilo halilipuki hapo hapo. Linakuwekea alama ya kosa, na saa inaanza kukimbia. Ndiyo ubaya wake. Nyumba nzima ikasimama. Jirani wa kanga, ambaye hajui kusoma Kiingereza, alikuwa amejipa kazi ya kuwanyamazisha wasiohusika, na alikuwa na kelele kuliko wote. Kuna sehemu bomu linaonyesha alama za ajabu ajabu, na kila moja lazima mvaaji aieleze kwa maneno mpaka wenye kitabu waitambue. Alama ya Ω mdogo wangu aliiita "hereni ya bibi", na dada akaipata mara moja, kwa sababu bibi ni mmoja na hereni zile tunazijua sote. Mgeni kutoka nyumba nyingine asingeambulia kitu. Tulilitegua? Hatukulitegua. Lililipuka, mdogo wangu akaanguka chali, na watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama dirishani kuuliza kuna nini.

Hapo ndipo nilipoielewa miwani hii. Sisi kuvaa kichwa kisicho chetu hatukuanza leo; anayecheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, huingiza kichwa chote kwenye lipiko, yaani kinyago chenyewe, anaona kwa shida, na ngoma ni ya waliomzunguka, wanaopiga na kuimba na kumkimbia. Mwondolee watu hao, amebaki mtu aliyefunikwa mti usoni. Miwani ya VR nayo ni hivyo hivyo. Inamtaka aliyevaa, na inawataka wasioona. Waliotengeneza lile gemu la bomu waliliona hilo, na hawakuhitaji dola bilioni 13. Walihitaji kumnyima mvaaji kitabu. Watengenezaji wengine wanaendelea kumpa mvaaji kila kitu, halafu wanashangaa kwa nini watu wanaicheza mwezi mmoja na kuitupa kabatini.

Umeme nao una lake. Sisi ambao gesi inatoka chini ya miguu yetu pale Mnazi Bay, na bomba likafika Dar mwaka 2015, giza hatuhitaji kusimuliwa. Usiku mmoja umeme ukakatika katikati ya mchezo. TV ikazima, taa zikazima, na mdogo wangu hakujua. Miwani ina betri yake, yeye yuko kwenye dunia yenye mwanga, anaendelea kuuliza "Nikate ipi? Nikate ipi?" huku sisi tunapapasa tochi za simu. Kisha kamera zikakosa mwanga wa kuonea chumba, miwani ikapoteza mahali ilipo, na akaona mikono yake inaelea inaondoka bila yeye. Ukelele alioupiga ulifika Magomeni, ya hapa hapa Mtwara.

Sasa haki nitoe, ingawa sipendi. Shemeji ana hoja moja. Aliyevaa hayupo. Mzee mmoja wa mtaani aliingia, akapiga hodi, akaitikiwa na wengine, na mpwa wangu aliyekuwa ndani ya miwani hakumwamkia, akaendelea kukata hewa kwa mapanga yasiyoonekana. Mzee alisimama akisubiri shikamoo yake. Hakuipata. Huwezi kumwambia mzee wa umri ule kwamba mtoto yuko sayari gani sijui. Siku hizi mgeni akionekana tu, mtu anapaza sauti "Mgeni!" na anayecheza anavua. Kumgusa bega tumeacha, kaka aliyejaribu alipigwa rimoti ya pua.

Na jasho. Ile sponji inayokaa usoni ilitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuishi Mtwara mwezi wa pili. Kila kichwa kinaacha jasho lake, kinachofuata kinalikuta, na vioo vinafanya ukungu. Tumeishonea kitambaa cha kufua. Mikanda yake nayo inagombana na ushungi na inagombana na rasta. Dada amebuni namna ya kuifunga juu ya mtandio, nitaweka picha akikubali. Muziki wa lile gemu la mapanga, Beat Saber, ni mzuri, ila vijana wa hapa waliozoea singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, waliuliza kama limepoozwa makusudi kwa ajili ya wagonjwa.

Watoto wa chini ya miaka 10 hawavai, maelekezo ya miwani yetu yanakataza na sisi tumekubali, japokuwa wao hawajakubali. Tumewapa kazi ya kushika kurasa za kitabu zisipeperushwe na feni.

Ninachotafuta sasa ni magemu mengine ya aina hiyo, ambayo mmoja anaona na wengine wanajua. Kama uko Lindi, Masasi au Nachingwea na unalo, niandikie jina lake hapo chini. Ya kucheza peke yangu msihangaike kuniambia. Na mwenye kitabu cha bomu kwa Kiswahili anitumie haraka, kwa sababu dada ametangaza kwamba hafanyi tena ukalimani bila soda baridi, na soda yenyewe anataka alipwe kabla ya bomu.