Rungwe, Mtorwi na mita moja: orodha ya waliopanda ni ya nani?

Ukiwa Tukuyu asubuhi ambayo mawingu yamekubali kuachia, huhitaji kuambiwa mlima mkubwa ni upi. Rungwe umejaa mbele yako wote, kutoka kwenye migomba na chai hadi kwenye msitu mweusi wa juu. Mwulize mtu stendi Mtorwi uko wapi, na uwezekano mkubwa atakujibu kwa swali: Mtorwi ndio nini? Ila vitabu vya utalii vinavyotaja milima ya huku kusini vinauweka Mtorwi, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kwenye mita 2,961, na Rungwe kwenye mita 2,960. Wamepishana mita moja.

Kwetu mita moja ni kimo cha mtoto wa chekechea. Kuna kundi la wapanda milima duniani ambao kwao mita hiyo inabadili kila kitu. Hao hawapangi milima kwa urefu kutoka usawa wa bahari. Wanatazama mlima umesimama peke yake kiasi gani. Wanaanzia kileleni, kisha wanauliza: ukitaka kutoka hapa kwenda kwenye mlima mwingine ulio mrefu zaidi, na ukachagua njia inayokushusha kidogo kuliko zote, utalazimika kushuka mita ngapi? Jibu ndilo kipimo cha mlima. Ukifikisha mita 1,500 unaingia kwenye orodha kuu, ambayo kwa dunia nzima ina milima kama 1,500. Halafu wanawekeana kumbukumbu: nani kapanda mingapi, lini, na kama kweli alifika juu.

Nianze na uzuri wa jambo hili, kwa sababu upo. Urefu mtupu unadanganya. Lhotse una mita 8,516, ila umeegemea Everest, na ukiupima kwa njia hii unabaki na mita 600 na kitu. K2, wa pili kwa urefu duniani, unaangukia nafasi ya 22. Kilimanjaro, ambao kwa urefu hausogei hata karibu na milima ya Himalaya, unapanda hadi nafasi ya nne, nyuma ya Everest, Aconcagua na Denali, kwa sababu umeota peke yake kwenye tambarare: kati ya mita zake 5,895, zinazohesabiwa ni 5,885. Ukifuata ile orodha maarufu ya milima 14 inayozidi mita 8,000, yote iko Asia na Afrika haina hata mmoja. Ukifuata hii, Ras Dashen, Ruwenzori, mlima Kameruni na mlima Kenya yote imo ndani ya 50 za mwanzo. Meru wetu upo, Hanang upo.

Na mtu wa orodha ana tabia moja inayotufaa: anakwenda kusikokwenda watu. Mbeya ina barabara kuu ya Zambia, ina reli ya TAZARA, ina uwanja wa ndege wa Songwe, lakini wageni wengi wanalala usiku mmoja na kuendelea na safari ya Malawi au Zambia. Mwenye orodha atashuka. Atatafuta gesti, atatafuta wa kumwongoza, atakula wali maharage kijijini, na kesho yake atauliza usafiri wa mlima unaofuata. Vijana wa Isongole, kijiji kilicho chini ya Rungwe, wanaolima viazi wangepata kazi ya pili bila kuhama kwao.

Sasa shida. Kanuni ya kipimo hiki inasema milima miwili iliyounganishwa na nchi ya juu haigawani heshima nusu kwa nusu. Ulio mrefu unachukua yote, na mwenzake unapimwa kuanzia kwenye mgongo unaoiunganisha tu. Rungwe na Kitulo hazitenganishwi na bonde la kutisha. Kati yake kuna nchi ya baridi, ya viazi na pareto, ambayo yenyewe iko juu sana. Kwa hiyo ikiwa kweli Mtorwi umezidi kwa ile mita moja, Rungwe unabaki na mita mia kadhaa za kuhesabiwa na hauwezi kukaribia 1,500. Mtorwi, ambao aliyeko juu ya uwanda wa Kitulo anauona kama mwinuko wa nyasi, unapewa mteremko wote hadi mbali huko. Na vyanzo havikubaliani juu ya Rungwe: kuna vinavyoushusha chini ya mita 2,960 na kuna vinavyoupandisha zaidi. Kikishinda kipimo kingine, milima hii miwili inabadilishana nafasi, na mgeni wa orodha anageuzia gari Isongole badala ya Kitulo.

Sisemi hesabu ni mbovu. Imekaa sawa kabisa, ila haiwezi kumwambia Mnyakyusa kwamba mlima unaomletea mvua, mto na msitu ni kichuguu cha jirani yake. Orodha ikitumika kumleta mgeni, iacheni ifanye kazi. Ikianza kuamua mlima upi wa kutunza na upi wa kusahau, hapo imevuka mpaka wake.

Kwenye swali la pili, la nani kapanda, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kinachoandikwa ni watu.

Wanaotetea kumbukumbu wana hoja ngumu kuipinga: bila mwandishi, mwongo anashinda. Mwaka 1906 Frederick Cook, Mmarekani, alitangaza kwamba amefika kilele cha Denali, na picha akaonyesha. Baadaye ikajulikana picha ile ilipigwa kwenye kilima kidogo mbali na kilele. Mwaka 2016 askari polisi wawili wa India, mume na mke, walidai wamefika Everest kwa picha zilizochezewa, na Nepal ikawafungia miaka kumi. Waliolinda ukweli Himalaya kwa miongo mingi hawakuwa serikali peke yake. Alikuwepo mama mmoja, Elizabeth Hawley, mwandishi wa habari kutoka Marekani aliyehamia Kathmandu mwaka 1960. Alikuwa akiwafuata wapanda milima hotelini na kuwahoji mmoja mmoja: mlipita wapi, mliona nini juu, nani alikuwa mbele. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda milima ile. Alifariki mwaka 2018 na kumbukumbu zake bado zinatumika.

Lakini ukali huo una mwisho wake wa kuchekesha. Reinhold Messner, Mwitaliano, alikamilisha milima 14 ya mita 8,000 mwaka 1986, na dunia ikamwita wa kwanza. Miaka zaidi ya 35 baadaye mtafiti wa Kijerumani, Eberhard Jurgalski, akapekua picha na maelezo na kusema Annapurna, mwaka 1985, Messner hakufika sehemu ya juu kabisa. Ni suala la mita chache kwenye mgongo mrefu wa theluji. Mwaka 2023 Guinness, wenye kitabu cha rekodi za dunia, wakamwondolea rekodi na kuipeleka kwa Ed Viesturs wa Marekani, ambaye mwenyewe alisema Messner ndiye wa kwanza.

Sasa weka hilo karibu na Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Mwaka 1955 Waingereza Joe Brown na George Band walipanda hadi karibu na kilele, kisha wakasimama makusudi futi chache chini yake, kwa sababu kiongozi wa Sikkim, ufalme mdogo wa Himalaya wakati huo, aliahidiwa kwamba kilele kitakatifu hakitakanyagwa. Vitabu vyote vinawahesabu kuwa wa kwanza kuupanda, na hakuna anayedai zile futi. Aliyekosa mita kwa kutojua anafutwa, na aliyeziacha kwa heshima anapewa taji. Kwangu hilo la pili ndilo sahihi, na linaonyesha kwamba kanuni hizi ni makubaliano ya watu, hivyo na sisi tunaweza kukaa na kukubaliana za kwetu.

Tunazihitaji. Kolombia kuna mlima Cristóbal Colón, wa tano duniani kwa kipimo hiki cha kusimama peke yake. Wenyeji wake wa asili, Wakogi, Waarhuaco na wenzao, wanaihesabu milima ile kuwa mitakatifu na wamewafungia njia wapandaji. Mwenye orodha anayetaka kumi za kwanza atabaki na tisa. Abaki nazo. Huku kwetu ziwa Ngozi na milima inayolizunguka lina mambo yake ya mila, na wazee hawafurahii kila kijana kushuka hadi majini kupiga selfi. Orodha yoyote itakayokuja ni lazima iwe na nafasi ya kuandika: aliishia hapa kwa sababu wenyeji walisema hapa.

Halafu kuna majina yanayopotea. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kilimanjaro, na kitabu cha Meyer kinasema juu walifika wao wawili, wakati Mwini Amani wa Pangani alibaki kulinda kambi ya juu. Marangu wanasimulia habari ya Yohani Kinyala Lauwo, aliyetajwa kwa heshima kama mwongozaji wao wakati wa kuadhimisha miaka 100, mwaka 1989. Alifariki mwaka 1996, na kwa hesabu ya wanaomwamini alikuwa amepita miaka 120. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka. Mimi ninachokiona ni kwamba wanaoamini na wanaokataa wote wamekwama mahali pamoja: hakuna daftari la wabeba mizigo la kufungua. Meyer aliandika yake, na upande wa pili haukuachiwa kalamu.

Tusiwatupie wageni peke yao. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni. Majina ya waliopanda naye hatukuyasikia darasani. Na hadi leo, pale Kilimanjaro, cheti kinachotolewa getini ni cha mgeni. Wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, wanashuka na mizigo na kusubiri bahasha ya kugawana.

Kuna mfano mmoja wa huku kwetu uliokwenda vizuri nusu. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima wa msitu wa Rungwe, anaitwa kipunji. Watafiti waliosikia habari hizo walimfuatilia, wakamwona mwaka 2003, na tangazo la kisayansi likatoka mwaka 2005. Kwenye vitabu vya sayansi ameingia kwa jina lile lile la wawindaji, na jina la mlima likaingia kwenye jina la jamii yake: Rungwecebus kipunji. Majina ya wawindaji ndiyo hayasikiki.

Ipo hoja moja ya kuandika isiyo na uhusiano wowote na sifa, na kwangu inazidi zote. Rungwe una ukungu. Njia za msituni zinagawanyika, mianzi inaficha, na saa nane mchana kunaweza kuwa kama magharibi. Mtu asiyeandikwa popote akipotea, hakuna anayejua aanze kutafutwa saa ngapi wala upande gani.

Sasa fungua kitabu cha wageni cha ofisi yoyote ya kijiji huku. Ni kaunta buku lenye mistari ya rula: tarehe, jina, unakotoka, sababu ya kuja, saini. Mgeni wa mlimani anaandika jina lake na nchi yake, na kwenye sababu anaandika "kutembea", chini ya mtu wa jana aliyeandika "kusalimia". Saa ya kuondoka haina sehemu. Njia haina sehemu. Aliyemwongoza hana sehemu, ingawa yeye ndiye atakayetafutwa wa kwanza mambo yakiharibika. Kuongeza safu hizo tatu ni kazi ya rula na kalamu.

Atakayebisha ataniambia kitabu kikishapata sifa kitazaa ada, ada itazaa risiti, na kijana wa Isongole aliyekuwa anapanda bure kukusanya kuni au kuona mbali ataulizwa kibali. Hofu hiyo ina msingi. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio kipo tayari. Ndiyo maana nasema kitabu kiwe nakala mbili, moja ofisi ya msitu na moja kijijini, na kanuni iandikwe ukurasa wa kwanza kabisa: mwenyeji anaandika jina na saa kwa usalama wake, halipi kwa kuandika. Mgeni na mwongozaji wanakaa mstari mmoja. Na mwenye orodha yake ya dunia akitaka uthibitisho kwamba alifika juu, saini inayohesabika ni ya yule aliyemfikisha.