Piriton kukulaza haimaanishi imekuponya

Kuna kipimo cha dawa ambacho wengi wetu tunakitumia bila hata kukitaja, nacho ni usingizi. Dawa ikikuangusha hiyo ni kali, usiposikia usingizi basi ni feki au wamekuuzia iliyoisha nguvu. Nakaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa na hili nalisikia kila kukicha. Mtu anakuja mikono imejaa vipele, anaongea huku anajikuna, namwambia chukua loratadini, dawa ya aleji, kidonge kimoja tu kwa siku. Anaigeuza ile stripu anauliza, "Hii inalaza?" Namwambia hapana. Anaisukuma kuja kwangu, "Basi kaka nipe piriton tu." Haya, nahesabu vile vidonge vidogo vya njano kwenye trei, navitia kwenye kibahasha, naandika 1x3, namsisitizia asiendeshe chombo, anaitikia sawa sawa huku anavaa helmeti maana bodaboda yake iko hapo nje na inawaka.

Sasa leo acha niseme. Usingizi wa Piriton hauna uhusiano wowote na aleji yako kupona. Ni madhara ya pembeni, dawa imeingia mahali ambapo haikutakiwa kuingia.

Iko hivi. Mwili una kemikali inaitwa histamini, Henry Dale na Patrick Laidlaw kule London walieleza inavyofanya kazi mwaka 1910. Inahifadhiwa kwenye seli za kinga zilizojaa kwenye ngozi, puani na kwenye mapafu. Nyuki akikuuma, au ukila pweza na mwili wako haumtaki, seli zile zinaimwaga, inaenda kukaa kwenye vipokezi vya H1, yaani siti zake kwenye seli, mishipa midogo ya damu inavuja maji, unavimba, unawashwa, pua inachuruzika. Dawa ya aleji inachofanya ni kama mtu aliyewahi siti ya daladala, histamini ikifika inakuta pamekaliwa na inabaki imesimama. Ndo maana ukimeza mapema inasaidia zaidi kuliko ukingoja mpaka umevimba uso mzima, hapo histamini zimeshakaa na kazi zimeshafanya.

Ila histamini hiyohiyo iko na ubongoni, na kule kazi yake ni kukuweka macho. Kuna kikundi cha seli sehemu ya chini ya ubongo ambazo unapokuwa macho zinaimwaga na ukilala zinanyamaza. Kwa hiyo ukiziba H1 za ubongo umezima taa ya kukesha, basi. Ngozi haijui chochote kuhusu huo usingizi. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tohoku waliwapiga watu picha za ubongo baada ya kuwapa hizi dawa, wakakuta klorofeniramini, ambayo ndiyo hiyo Piriton, kwa dozi ya kawaida inakalia kama nusu ya vipokezi vya H1 vya ubongo au zaidi, wakati feksofenadini, nayo dawa ya aleji, inakaribia sifuri. Na zote mbili zinatuliza mkuno! Halafu Piriton haitoki haraka, kwa mtu mzima nusu yake inaweza kuchukua kama saa 20 kuondoka kwenye damu, kwa hiyo aliyemeza saa tatu usiku asishangae asubuhi kichwa kizito na breki anazishika kwa kuchelewa.

Dawa mpya, yaani setirizini, loratadini, feksofenadini, zilitengenezwa makusudi zisiingie ubongoni, zikijaribu kupenya kuna pampu kwenye mishipa ya damu ya ubongo inazirudisha nje. Setirizini inapenya kidogo, kuna watu inawalaza, siwezi kuficha hilo. "Mpya" nayo ni namna ya kusema tu, zina miaka mingi sokoni, na loratadini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO.

Wapo wanaosema za zamani tumezizoea, hizi mpya hatuzijui. Hofu hiyo ina msingi kiasi. Ya kwanza kuvuma kwa kutolaza ilikuwa terfenadini, iliingia Marekani mwaka 1985 na watu wakaipenda kweli. Kumbe ilikuwa na siri, ini linatakiwa liibadilishe kwanza, na kile kinachotoka baada ya kubadilishwa ndicho kinachofanya kazi. Sasa mtu akimeza pamoja na erithromaisini au ketokonazoli, dawa ambazo hata kwetu zilikuwa zimezoeleka, ini linashindwa kuibadilisha, terfenadini inajaa kwenye damu yenyewe kama ilivyo, inavuruga mapigo ya moyo, na watu wakafa. Ikaondolewa sokoni Marekani mwaka 1998. Walichofanya ni kuchukua kile ambacho ini lilikuwa linakitengeneza, kisichogusa moyo, wakakiuza chenyewe, ndiyo hiyo feksofenadini. Kwa hiyo anayeogopa dawa mpya kwa habari ya moyo ajue tatizo lile lilionekana, likafanyiwa kazi, na jibu lake liko kwenye boksi.

Mimi nadhani mapenzi yetu na Piriton yanatoka mbali kidogo, yanatoka kwenye klorokwini. Waliokuwepo wanajua, malaria ikikukamata dozi ilikuwa nne, nne, mbili, chungu kama nini, na baada ya muda ukaanza kuwashwa viganjani, kwenye nyayo, mgongoni, hakuna kipele hata kimoja lakini unajikuna mpaka unataka kujisugua ukutani. Wapo walioacha dozi katikati kwa sababu hiyo. Ndipo klorokwini ikawa haiandikwi peke yake, inaandikwa na Piriton, na kizazi kizima kikajifunza kwamba Piriton ni dawa ya kuwashwa, iwe kuwashwa kwa namna gani. Na kwa kweli kwa wengi ilisaidia kidogo sana, mtu alikuwa analala tu huku ngozi inaendelea na mambo yake. Mwaka 2009 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakaonyesha sababu: klorokwini inawasha kwa kugusa moja kwa moja neva za kuwashwa kupitia kipokezi kingine kabisa, wala haihitaji histamini. Ulikuwa unaziba H1 wakati moto unawaka chumba cha pili. Kenya waliiacha klorokwini 1998, sisi Tanzania 2001, baadaye ikaja dawa mseto ya malaria, ila tabia ikabaki. Mpaka leo mtu ana upele wa kuambukizana, nyumba nzima wanajikuna usiku, ananunua Piriton wiki ya tatu, wakati anachohitaji ni dawa ya kupaka ya kuua wadudu wanaoleta huo upele, yeye na wote anaolala nao.

Mafua nayo ni hivyohivyo. Mafua ya virusi hayaendeshwi sana na histamini. Piriton ikikukausha pua ni kwa sababu ni dawa isiyo na adabu, mbali na H1 inaziba na vipokezi vingine vinavyotoa majimaji mwilini, ndo maana mdomo nao unakauka na choo kinakuwa kigumu. Loratadini haina tabia hiyo, kwa hiyo kwenye mafua haifanyi kitu na mtu anarudi kuniambia nimemuuzia unga. Hapo anayetaka pua ikauke usiku mmoja alale, simnyimi Piriton, ni mtu mzima. Ninaemkatalia ni mzee mwenye tezi dume, maana mkojo unaweza kugoma kabisa tukaanza kutafuta katheta, mpira wa kutolea mkojo, usiku wa manane, na mwenye presha ya macho pia. Na mama anayetaka ya maji ampe mtoto wa miezi minane "alale nami nipumzike", huyo namwelewa uchovu wake lakini simpi. Promethazini, ndugu yake Piriton, FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, waliiwekea onyo zito kabisa mwaka 2004 kwa watoto chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kuwazimia pumzi. Mtoto aliyelazwa na dawa hajapona, kanyamazishwa.

Vipokezi vya histamini haviishii H1. H2 ziko tumboni, zinaamrisha asidi, mwanasayansi James Black alitafuta cha kuziziba mpaka ikapatikana simetidini na tuzo ya Nobel akapewa 1988, ila ukimpa mwenye vipele famotidini, dawa ya kundi hilohilo la kuziba H2, peke yake atakushangaa. Zipo pia H3 na H4, hizo kwa kaunta yangu bado hazina wateja.

Kuna na hizi siproheptadini zinazonunuliwa na mabinti kwa ajili ya kunenepa. Hiyo nayo ni dawa ya aleji jamani. Inaongeza njaa kwa sababu inaingia ubongoni, na inalaza vilevile, na mitaani inauzwa ikiwa imechanganywa na deksamethazoni, dawa ya steroidi, ambayo ni habari nyingine ya kutisha, nitaiandikia siku yake.

Lakini kinachoniogopesha kuliko vyote ni mtu aliyeng'atwa na nyuki wengi au kala karanga zimemkataa, midomo imevimba, sauti inakwaruza, anatapika, kifua kinabana, halafu nyumbani wanampa Piriton mbili wanamlaza "asubiri ifanye kazi". Hapo hakuna dawa ya aleji ya kumeza inayofaa, iwe ya zamani iwe mpya, haifungui koo wala haipandishi presha iliyoanguka. Ni sindano ya adrenalini, kwa mtu mzima nusu miligramu kwenye msuli wa paja, na mapema. Usimpitishe kwangu kwanza kuniuliza bei, mpandisheni bajaji nyooka naye hospitali, na akisema kichwa chepesi anataka kulala mlazeni miguu juu hukohuko njiani, msimsimamishe.